MBONO NI MTI WA MPAKANI, SI WA SHAMBANI

Wakulima wengi wa skimu zilizo katika nchi kavu huuliza swali moja: je, mbono unaweza kumletea mtu fedha pale ambapo mahindi hukauka? Mti huu, ambao wengine huuita jatrofa au mbono kaburi, si mgeni kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na Wareno ndio walioueneza hata ukafika Afrika. Wazee wetu waliupanda kuzunguka maboma na makaburi, maana mbuzi hawali majani yake.

Mbegu zake zina mafuta mengi. Ukichukua kilo 100 za mbegu, karibu kilo 30 hadi 35 ni mafuta, na mafuta hayo yakitengenezwa vizuri huweza kuendesha injini ya dizeli.

Jinsi habari ilivyoenea

Mwezi wa Julai mwaka 2008 bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda hata pipa moja likakaribia dola 147. Wakati huo mbono ulisifiwa kila mahali. Watu waliambiwa kwamba ni mti wa jangwani, hautaki mvua, hautaki mbolea, wala hauna wadudu. Katika Kenya, wakulima wa Kibwezi, Kitui, Pwani na kwingineko walinunua mbegu na miche, na wengine walitoa sehemu ya shamba la chakula wakapanda mbono.

Kabla mwaka huo haujaisha, bei ya pipa ilishuka chini ya dola 40. Kisha mwaka 2009 wataalamu walioagizwa na Shirika la Ujerumani la GTZ, pamoja na Kituo cha Kilimo Mseto Duniani kilichoko Nairobi, walitoa taarifa baada ya kuwatembelea wakulima wa mbono katika Kenya. Waliona kwamba mazao yalikuwa machache sana. Mkulima mdogo hakupata faida, awe ameupanda peke yake au amechanganya na mimea mingine. Njia moja tu ndiyo waliyoikubali: kuupanda uwe ua.

Kwa nini hauzai?

Hapa ndipo penye fundisho, na kila mkulima alishike vizuri. Kustahimili ukame si sawa na kuzaa katika ukame. Mvua ikikosa, mbono huangusha majani yake ukalala ukingoja. Haufi, lakini pia hauzai. Ukitaka mbegu nyingi lazima uupe maji na rutuba, yaani vitu vile vile ambavyo mahindi na maharagwe yako yanavitaka.

Tena, mbegu zilizouzwa zilikuwa za porini, hazikuchaguliwa kwa uzazi kama zilivyochaguliwa mbegu za mahindi. Wadudu nao hula majani yake, na ukungu mweupe huushika. Na matunda yake hayaivi pamoja. Leo utachuma machache, wiki ijayo machache. Kazi ya mikono ni nyingi kuliko fedha inayopatikana.

Hesabu ya ua

Basi tufanye hesabu. Shamba la ekari 5 lenye pande nne sawa lina mzunguko wa mita 570 hivi. Ukipanda vipandikizi kwa nafasi ya sentimita 30, utahitaji vipandikizi 1,900. Tuseme kila mti ukupe gramu 100 za mbegu kwa mwaka. Hizo ni kilo 190. Kwa mashine ya mkono, kilo 5 za mbegu hutoa kama lita moja ya mafuta. Utapata lita 38.

Hii si ahadi, ni mfano wa hesabu. Lita 38 si utajiri, wala hazitalipa deni la shamba. Lakini hukupoteza hata mstari mmoja wa mahindi, na ng'ombe wa jirani hawaingii. Aliyeng'oa mahindi ekari nzima hana la kujifariji namna hiyo.

Namna ya kupanda

Kata matawi yaliyokomaa, yenye urefu wa mita moja hivi. Yaweke kivulini siku chache ili utomvu ukauke, kisha yapande muda mfupi kabla ya mvua. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, punguza matawi ili ua uwe mzito.

Tahadhari: mbegu za mbono zina sumu. Wafundisheni watoto wasizile, maana huleta kutapika na kuhara. Mashudu yake msiwape ng'ombe wala kuku. Yatieni shambani kama mbolea. Mafuta yenyewe si ya kupikia. Ni mazito, hayapandi vizuri katika utambi wa taa ya kawaida, lakini hufaa kwa sabuni.

Kabla ya kupanda zao la mafuta

Habari hizi hazikwisha na mbono. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika Kaunti ya Makueni, na mbarika ni mojawapo ya mazao yaliyotakiwa. Zao jipya likifika katika skimu yenu, mwulizeni anayelileta maswali manne: Nani atanunua? Kwa bei gani, na imeandikwa wapi? Atachukua mzigo wapi? Mvua ikikosa, hasara ni ya nani?

Asiyeweza kujibu, mwambieni arudi atakapokuwa na majibu. Kisha mwendeeni afisa wa kilimo wa wadi yenu mkapige hesabu pamoja, kwa kalamu na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chakula kibaki shambani. Mbono ukae mpakani.