Barua ya chuo imefika, karo itatoka wapi?

Barua ya kujiunga na chuo ikitoka, nyumba nyingi kuanzia Ukunda hadi Vanga hupiga vigelegele kwanza, swali la karo likaja baadaye. Lakini kupata nafasi kupitia KUCCPS si kupata pesa. Pesa za umma ziko katika mifuko mitatu, kila mmoja una fomu yake na siku yake ya mwisho, na aliyeomba kwa mmoja hahesabiwi kuwa ameomba kwa mwingine.

Mfuko wa kwanza ni wa serikali ya kitaifa, na maombi yake hufanywa mtandaoni. Hapa wazazi wengi huchanganya mambo mawili. Ufadhili wa serikali haurudishwi. Mkopo wa HELB hurudishwa, na kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi nao wanaruhusiwa kuomba mkopo huo, ingawa bado wapo wanaodhani ni wa vyuo vikuu peke yake.

Wa pili ni mpango wa Kaunti ya Kwale, Elimu ni Sasa, ulioanzishwa ugatuzi ulipoingia. Maombi hupitia wadi, na wadi ziko 20. Wa tatu ni basari ya NG-CDF katika maeneo bunge ya Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango. Mkazi wa Shimoni aangalie vizuri: fomu yake ni ya Lunga Lunga, si ya Msambweni kama ilivyokuwa kabla ya uchaguzi wa 2013. Mifuko hii imezidi kuwa na uzito kwa kuwa Base Titanium, iliyokuwa ikisomesha vijana wa Kwale, ilimaliza uchimbaji Desemba 2024.

Kinachokwamisha wengi si alama za KCSE, ni karatasi. Aliyetimiza miaka 18 huhitaji kitambulisho cha kitaifa na PIN ya KRA ili kuomba mkopo. Kwale inalijua jambo hili kwa uchungu. Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walianza kupewa vitambulisho baada ya kutambuliwa na serikali 2016. Wapemba walisubiri hadi 2023. Kijana wa jamii hizi ambaye hajachukua kitambulisho asingoje tangazo la basari litoke ndipo aanze safari ya ofisi ya usajili.

Yatima naye huombwa cheti cha kifo cha mzazi. Kibali cha mazishi hakitoshi, na familia nyingi hugundua hivyo zikiwa tayari kwenye foleni. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na chifu wa eneo anaweza kuelekeza pa kuanzia.

Pesa za kaunti na za NG-CDF hulipwa moja kwa moja kwa chuo, hazipiti mkononi mwa mzazi. Kwa hiyo jina na nambari ya usajili kwenye fomu ziwe sawasawa na zilizo kwenye barua ya chuo. Orodha ya waliopata ikishatangazwa, mwanafunzi aende ofisi ya fedha ya chuo chake, aulize kama malipo yameingia katika akaunti yake, kisha aitishe risiti.