Fahamu: Nani anaruhusiwa kukushauri kuhusu viza Uingereza?

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi London, ushauri wa viza mara nyingi huanzia msikitini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp. Nia huwa njema. Tatizo ni sheria.

Sheria inasemaje?

Tangu Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila sifa au usajili, hata ukiutoa bure. Wanaoruhusiwa ni mawakili, na washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, ambayo hadi Januari 2025 iliitwa OISC. Usajili una ngazi 3: wa ngazi ya kwanza hujaza maombi ya kawaida, lakini rufaa mahakamani ni ya ngazi ya 3. Kwa hiyo uliza ngazi, usiishie kwenye cheti cha ukutani. Orodha ya washauri iko wazi mtandaoni.

Na bima ya afya unapoomba viza?

Anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 kwa kawaida hulipa ada ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka, au 776 kwa wanafunzi na watoto. Hulipwa mapema, kwa miaka yote ya viza, kisha unatibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma. Meno na, katika England, dawa za kuandikiwa bado hulipiwa. Mama anayekuja kutembea miezi 3 halipi ada hiyo. Akilazwa, bili inaweza kuwa kubwa mno. Mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege.