Kwa Miguu Kutoka Bombolulu Hata Ng'ambo ya Kisiwa

Watu wengi wa Bombolulu waendao kisiwani Mombasa hupanda gari, na baada ya muda mfupi huwa wamekwisha kuvuka daraja la Nyali. Lakini njia hiyo yafaa kuendewa kwa miguu, japo mara moja, kwa kuwa ina mambo mawili ambayo aliye garini hupitishwa bila kuyaona.

Ni vema kuondoka alfajiri na kuchukua maji ya kunywa. Mtu hufuata barabara itokayo Malindi, akielekea kusini, hata njia panda ya Kengeleni.

Jina hilo si la bure. Kengele ingalipo kando ya njia, juu ya nguzo zake, na magari huipita kwa kelele. Hapo ndipo Frere Town, mji ulioanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Sir Bartle Frere ndiye aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kwa shauri hilo, na mji ukaitwa kwa jina lake. Wenyeji wake wengi walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliotekwa makwao kisha wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza. Pamoja nao walikuwako Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi. Husimuliwa kwamba kengele ilipigwa kila yalipoonekana majahazi ya wafanya biashara ya watumwa, watu wapate kujificha. Fikiri, msomaji, hali ya mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, amelala na watoto wake, akaisikia usiku!

Kutoka hapo hupitwa Kongowea, penye soko kubwa, ambapo msafiri aweza kununua machungwa akapumzika. Kisha na awaulize wenyeji njia ya kaburi la Bibi Krapf, karibu na maji, likielekea kisiwa.

Dakta Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe, Rosina, alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamwua mama, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Aliandika baadaye kwamba mkewe alitaka azikwe bara, si kisiwani, ili wapita njia walione kaburi lake. Mume akaendelea na kazi: kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Daraja li karibu. La kwanza, lililofunguliwa mwaka 1931, lilielea juu ya maji. La sasa lilichukua mahali pake mwaka 1980. Atakaye kurudi Bombolulu kwa miguu na aanze safari kabla ya saa kumi, maana jioni barabara hujaa magari na vumbi.