Masika ya Piyaya: Imani, Jamaa na Huduma ya Wanandoa Wazee

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza uhusiano uliopo kati ya majira ya mwaka, maisha ya jamaa na kazi ya Injili miongoni mwa Wamaasai. Mfano wetu ni Piyaya, wilayani Ngorongoro, kusini mwa Loliondo, kando ya nyanda za Serengeti. Swali letu ni hili: mume na mke waliokwisha kuwa wazee wakitumwa kuhudumu mahali kama hapo, je, uzee wao ni mzigo kwa Kanisa, au ni karama?

1. Majira yasiyofanana na ya vitabu

Wamisionari waliotoka Ulaya na Marekani walizoea kuhubiri Pasaka kwa mfano wa majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka, miti iliyoonekana kufa imetoa majani. Mfano huo ni mzuri kwao. Lakini katika nchi ya Wamaasai hakuna theluji ya kuyeyuka. Kuna olameyu, yaani kiangazi, na kuna olari, yaani majira ya mvua, neno ambalo pia humaanisha mwaka. Mwaka huhesabiwa kwa mvua. Tena jina la Mungu, Engai, ndilo pia jina la mvua. Kwa hiyo mtu anayehubiri habari za uhai mpya huko hana haja ya kuazima mfano kutoka mbali.

Hata hivyo hapana budi kutahadhari. Kati ya Januari na Machi, nyanda zinapokuwa za kijani, nyumbu huja kuzaa. Kundi lao lote ni zaidi ya milioni moja, na wengi wa ndama huzaliwa katika majuma machache tu. Ndama hao hubeba virusi visivyowadhuru wao, bali huua ng'ombe, na ng'ombe aliyeugua karibu hana tiba. Mfugaji anajua hivyo tangu zamani, kabla wataalamu hawajavipa virusi hivyo jina. Basi huwaondoa ng'ombe wake katika majani yaliyo bora kuliko yote, akawapeleka kwenye miinuko yenye malisho hafifu, mpaka ndama wa nyumbu wakue na hatari ipite. Neema iko mbele ya macho yake, wala hawezi kuigusa. Mhubiri asiyelijua jambo hili atasifu majani mabichi mbele ya watu ambao majani hayo yamewatawanya.

2. Jamaa iliyogawanyika

Tokeo lake ni kwamba mara nyingi Kwaresima, na pengine Pasaka yenyewe, huikuta jamaa ikiwa sehemu mbili. Vijana na baadhi ya wanaume wako mbali na ng'ombe. Akina mama, watoto wadogo na wazee wamebaki bomani. Hali hiyo hurudi wakati wa kiangazi, maji yanapokauka. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi sana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, na jamaa nyingi zilihama mbali kutafuta malisho. Tena nafasi ya kuhamia imepungua. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa katika Hifadhi ya Serengeti, na mwaka 2022 kilometa za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kuwa eneo la wanyamapori.

Mgawanyiko huu unagusa moja kwa moja mafundisho ya ubatizo. Mwinjilisti anayefika bomani huwakuta akina mama, naye huwafundisha na kuwabatiza. Ndiyo sababu mojawapo ya sharika nyingi za Umaasaini kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Sababu nyingine ni kwamba makanisa mengi ya misioni yaliwazuia kwa muda mrefu wanaume wenye wake wengi wasibatizwe, huku wake zao wakikubaliwa. Hivyo meza ya Bwana, iliyokusudiwa kuunganisha, ilipita katikati ya nyumba moja. Padre Vincent Donovan, Mkatoliki aliyefanya kazi Loliondo katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi alivyotaka kuwachagua wanaostahili ubatizo, mzee mmoja akamkatalia: wote wamesikia pamoja, basi wapokelewe pamoja. Tusidharau pingamizi hilo. Mlinzi wa gereza wa Filipi naye alibatizwa pamoja na watu wake wote (Mdo. 16:33).

3. Kwa nini wanandoa, na kwa nini wazee

Jamii ya Kimaasai imejengwa juu ya marika, na msingi wake ni enkanyit, yaani heshima. Mtoto humwinamishia mzee kichwa, naye mzee humgusa. Kijana aliyetoka chuoni, hata awe na elimu nyingi, ataona vigumu kuwafundisha wazee waliokaa chini ya mti. Mzee mwenzao atapewa nafasi ya kukaa, kisha ya kusikiliza, na mwisho ya kusema. Utaratibu huo usigeuzwe.

Lakini mzee peke yake hafiki mbali. Nyumba katika boma hujengwa na mwanamke, na maziwa hugawanywa naye. Huko ndani ndiko yanakosemwa mambo ya uzazi, ya ugonjwa na ya hofu. Mke mzee huingia pale mumewe asipoweza kuingia. Ndivyo Prisila na Akila walivyomfundisha Apolo wakiwa wawili (Mdo. 18:26). Katika historia ya karibu tunao David na Eunice Simonson, Walutheri wa Marekani waliofika Tanganyika mwaka 1956, yeye mchungaji na mkewe muuguzi. Shule ya sekondari ya wasichana wa Kimaasai, waliyoipigania, ilifunguliwa Monduli mwaka 1995, karibu miaka 40 baada ya kufika kwao. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mgeni wa miaka miwili.

4. Gharama yake

Tusiifiche gharama. Wanandoa wazee wakifika bomani wataulizwa: "Wajukuu mmewaachia nani?" Kwa Mmaasai, na kwa Mwafrika yeyote, swali hilo si la udadisi. Mzee aliye mbali na wajukuu wake ana upungufu unaohitaji maelezo. Tunashauri wasijibu haraka kwa kutaja wito wao. Afadhali wakiri kwamba inawauma. Hapo wenyeji, ambao nao watoto wao wako mbali na mifugo, wataona kwamba wamepata wenzao.

Hitimisho

Tumeona kwamba uzee ni karama pale unapojua kungoja. Tunawashauri wanaopanga huduma wasome kwanza kalenda ya majani, ndipo waisome kalenda ya Kanisa pamoja nayo. Mafundisho yaanze bomani na yafuate ng'ombe hadi malishoni. Ubatizo ungoje siku ambayo jamaa imekutana, hata kama Pasaka imepita kwa majuma kadhaa. Kristo aliyefufuka aliwangoja wanafunzi wake ufukweni mpaka wakarudi kutoka kazini, naye alikuwa amekwisha kuwasha moto (Yn. 21:9).