Mbuzi Mgeni Zizini (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia banda. Leo tumtazame mbuzi anayeingia bandani akitoka mbali.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, huko kaskazini. Haikupita muda mrefu ikabisha hodi Tandahimba na Newala. Watafiti waliofuatilia chanzo chake walikuta mkasa ulianza baada ya mbuzi kununuliwa mnadani Pugu, Dar es Salaam, na kuchanganywa na wa vijijini. Kutoka Newala hadi huku Mahurunga, kwenye mdomo wa Ruvuma, ni safari fupi kwa mbuzi aliyepakiwa garini.

Ugonjwa huu huambukiza kwa kukaribiana: pumzi, makamasi, machozi, kinyesi. Mnyama huanza kuwaambukiza wenzake kabla mwenyewe hujaona dalili. Kisha homa hupanda, macho yakajaa tongo, midomo ikatoka vidonda, akahara, mapafu yakaziba. Sasa mfikirie aliyefungwa miguu, akabanwa katikati ya wenzake, akasafiri mchana na usiku bila tone la maji. Mwili umeishiwa nguvu ya kujikinga, na pua yake imegusana na pua za wageni wenzake. Wapo wanaoiona Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza mateso ya namna hiyo, kuwa ni huruma ya watu walioshiba. Mimi naiona kuwa ni ya mfugaji maskini hasa.

Dawa ya kuua kirusi cha sotoka hakuna. Iliyopo ni kumtenga mgeni kwa siku 21, na kamba yake, na ndoo yake. Ugumu uko kwenye majira. Fedha za korosho huingia kuanzia mwezi wa 10, nasi hununua mbuzi wakati huohuo, mashamba yakiwa matupu na mifugo ikizurura ovyo. Utamtengaje mmoja? Anayeweza kungoja kifuku angoje, kwani hapo kila mbuzi yuko kambani kwa ajili ya kulinda mihogo.

Ipo pia chanjo: sindano moja hukinga kwa miaka 3 au zaidi, mradi iwe imetunzwa kwenye barafu hadi dakika ya kuchomwa. Iliyopigwa jua kutwa juu ya pikipiki ni maji tu. Wala usijidai umemaliza kazi kwa kuchanja mara moja, kwa sababu vitoto hurithi kinga ya mama kwa miezi michache tu. Wanaozaliwa baada ya mchanjaji kuondoka wanamngoja arudi.

Juma lijalo: minyoo.