Mutu Ameumia Mugongo: Angojee Nini kwa Hospitali?



Hapa Mususa pikipiki na chukudu zinashuka mitelemko mbio, na watoto wanapanda miti ya avoka. Mutu akianguka, tunamuinua haraka, tunamuketisha juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Tunafikiri tunamusaidia. Kumbe mifupa ya mugongo ikiwa imevunjika, safari ile inaweza kuharibu uboho wa mugongo uliokuwa ungali muzima. Uboho ni kama waya: unapeleka amri za ubongo kwa miguu na kibofu. Mufupa unaunga, uboho ukikatika, mpaka leo hakuna dawa ya kuuunga.

Kwa hospitali mugonjwa angojee nini?

1. Atalazwa chali, shingo imefungwa minerva. Haiko azabu. Watu wane watamugeuza pamoja, sawa gogo.

2. Munganga atamuchoma kidogo na pini: «Unasikia? Songesha kidole.» Atarudilia mara nyingi, juu anatafuta kama hali inabadilika.

3. Atapigwa radio. Radio inaonyesha mifupa, lakini uboho hauonekani. Basi hata picha ikiwa nzuri, wanaweza kumulinda bado.

4. Akishindwa kukojoa, watamutia sonda. Kama miguu haisikii, atageuzwa kila saa 2, hata usiku, ngozi isioze. Zamani wengi walikufa kwa vidonda vile na kwa ugonjwa wa mukojo. Katika 1944 Dokta Ludwig Guttmann alifungua kazi yake kwa Stoke Mandeville, Uingereza, akashika sana sheria ile ya kugeuza. Wagonjwa wakaishi, wakafanya kazi. Michezo aliyowaanzishia katika 1948 ndiyo ilizaa Paralimpiki. Kwetu mara nyingi ni jamaa wanaolala karibu na kitanda wanaogeuza. Wasichoke!

5. Asikate tumaini siku ya kwanza. Uboho ukishtuka, miguu inaonekana sawa imekufa. Kisha siku ama majuma, kwa wengine nguvu inarudi, kwa wengine hapana. Munganga akisema «tungoje», hafichi neno. Lakini mugonjwa ako na haki ya kuuliza na kujibiwa.

Na sisi tulio njiani? Tusimuketishe. Mumoja ashike kichwa kisitikisike, wengine watafute ubao ama mulango, watu wane ama zaidi wamubebe amelala. Kuchelewa dakika 20 ni afazali kuliko kulemaa maisha yote.