Kovu la mdomo wa mtoto linahitaji mwaka mzima

Katika makusanyiko yetu wako watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, ule watu wanaouita mdomo wa sungura. Hospitali kama HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu zimeshona midomo ya watoto wengi, na tunamshukuru Mungu. Lakini daktari akisha kushona, sehemu kubwa ya kupona inafanyika nyumbani, mikononi mwa mama.

Jambo tunalotaka wazazi walijue mapema ni hili: kovu huonekana baya zaidi kabla ya kuwa zuri. Majuma ya kwanza ni mstari mwembamba, na jamaa yote inashangilia. Kisha, kuanzia mwezi wa pili hivi, mstari ule unakuwa mgumu, unavimba kidogo, unabadilika rangi, hata unaweza kuvuta mdomo juu. Hapo wengine husema operesheni imeharibika, au kuna mkono wa mtu. Sivyo. Mwili huweka kwanza nyuzi nyingi za kushikilia nyama, halafu huzipanga upya polepole. Kovu hulainika kwa muda wa mwaka mmoja, pengine zaidi.

Siku za kwanza, usafi ndio dawa kubwa. Mama anawe mikono kwa sabuni, achovye pamba safi katika maji yaliyochemshwa yakapoa, apanguse kidonda taratibu, hasa mtoto akisha kula. Damu iliyokauka isibanduliwe kwa nguvu. Apake tu dawa aliyopewa hospitalini. Majivu, majani, dawa ya meno na mafuta ya mawese visiwekwe kabisa, kwa maana huleta uchafu, na kidonda kilichooza huacha kovu pana.

Mtoto asiguse mdomo. Hospitali nyingine hufunga viwiko vyake kwa kitu kigumu kidogo ili mikono isifike usoni. Kuhusu kunyonya, mama amwulize daktari kabla ya kutoka. Mara nyingi huruhusiwa upesi. Mtoto mkubwa apewe uji na vyakula laini, asipewe mua wala mfupa. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7 hivi. Siku hiyo isikose. Zikikaa sana huacha alama kando ya kovu.

Kidonda kikisha kufunga vizuri, karibu juma la tatu au la nne, na daktari akikubali, kazi ya kusugua kovu inaanza. Kwa kidole safi chenye vazelini, mama abonyeze na kuzungusha polepole kwa dakika chache, mara tatu au nne kila siku, kwa miezi kadhaa. Hiyo husaidia kovu kulainika. Jua kali hulitia weusi, basi mtoto avae kofia. Moshi wa makala na wa tumbako umwepuke.

Usaha, homa, damu isiyokoma au kidonda kufunguka: twende hospitali siku ileile. Kovu likiendelea kukua kupita mipaka ya kidonda, turudi kwa daktari pia. Ziko dawa za kulipunguza. Tusikubali likatwe kwa wembe kijijini, kwa maana hurudi likiwa kubwa zaidi.

Katika Yohana 9, wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, na Bwana Yesu hakumtwika mtoto wala wazazi. Basi nasi tusiwatwike. Wengi wetu tunamtembelea mama juma la operesheni, halafu tunamsahau. Tumtembelee pia mwezi wa tatu, wakati kovu linapomtisha, na tuchange nauli ya kumrudisha mtoto kwa daktari. Hapo ndipo anapotuhitaji zaidi.